Sufuria Yenye Jina Langu

Nakumbuka siku moja mtaa wa bondeni wa Bwaise ulipofurika, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Nilikuwa mke kijana wa polisi, tukiishi kambi ya polisi ya Naguru. Nilikuwa nimeokoka, na sikumwacha mtu asijue. Jirani yangu Apio alikuwa akichelewa ibadani, akikaa nyuma, wala hakuwahi kutoa ushuhuda. Lakini mtu akiugua au akifiwa, utasikia tu: "Mwite Apio." Kwa nini si mimi? Wivu ulinila, mwanangu. Nilisali huku jicho moja liko mlangoni nione kama kaingia.

Basi mchungaji akahubiri kwamba imani bila matendo ni maiti. Wiki ile ile yakaja mafuriko. Nikapika uji sufuria kubwa, na ubavuni nikaandika jina langu kwa rangi nyekundu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu nilikitembeza kwa boda boda hadi Bwaise.

Nikamkuta Apio keshafika, sketi kaikunja magotini, anachota tope kwa beseni nyumbani kwa bibi kizee tuliyemwita Jajja, mjane wa askari. Nikamjazia Jajja kikombe, nikimweleza nilivyoamka mapema, macho yangu yakiwa kwa Apio. Jajja akanywa, akanitazama.

"Uji iko tamu. Lakini wewe nakuja kwa mimi ama nakuja kwa Apio?"

Apio hata hakugeuka.

"Dada, shika hapa," akasema, akinisogezea beseni. Nikavua viatu, nikaingia topeni.

Mwanangu, juzi ulinililia kwamba mwenzako kachaguliwa kiongozi, nawe ndiye ufagiaye kanisa. Nakuelewa. Hata sasa Apio akisifiwa, kitu kinanichoma kifuani. Lakini matendo hayatununulii wokovu; ni matunda ya imani. Uji wangu ulizaliwa na wivu: Jajja alishiba, mimi nikabaki na njaa yangu. Tenda wema uende zako. Ukifagia, fagia kwa sababu sakafu ina vumbi na Mungu anakupenda, basi.

Jina lile nililikwangua kwa mchanga jioni ile ile. Sufuria ndiyo hii, ichukue. Usiandike lako. Mungu akujalie cha kuijaza, na kila atakayekula humo asahau aliyepika, amkumbuke Yeye.