Neno Lililoniumbua Mbele ya Mama Mkwe

Nilimwapia mama mkwe wangu kwamba yule Bi Somoe mgomvi katika riwaya yangu si yeye. "Nimemtunga tu, mama," nilimwambia, macho chini kama impasavyo mkwe. Akaniamini, maskini. Akafunga safari kutoka Nyangamara hadi Kilwa Masoko kuhudhuria uzinduzi wa kitabu, na mfuko wa korosho akaniletea.

Mwalimu mmoja wa kompyuta alikuwa ameyahesabu maneno yote ya riwaya ili tujue mwandishi nina mazoea gani. Kabla ya kupanda jukwaani akaninong'oneza, "Kaka, haya matokeo yaangalie kwanza peke yako."

Nisikie wapi! Nilishajiaminisha kwamba neno langu kuu ni "mapenzi". Nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba mwandishi wa kweli hana cha kuficha, mwalimu asome mbele ya watu.

Akasoma. Ukiacha vijineno kama "na" na "ya", neno linaloongoza riwaya nzima ni "alisonya". Mapenzi yalikuwa huko chini kabisa. "Na karibu kila mara," akaongeza kwa huruma, "anayesonya ni Bi Somoe."

Nikaukumbatia mfuko wangu wa korosho.

Ndipo mama mkwe, kwenye kiti cha mbele kabisa, akasonya. Sonyo refu, la kupanda na kushuka, lilelile nililolieleza ukurasa wa kwanza. Watu wakaangua kicheko, mke wangu akiwamo.

"Mkwe," akasema, "korosho zangu nirudishie."