Kwato za Kijivu

Majuzi nilikuwa saluni hapa Syokimau nikitengenezwa kucha. Msichana aliyenihudumia alikuwa bado anajifunza kazi, na tupa yake ndogo ilikuwa ikijikwaa. Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru, kimya. "Relax mkono, auntie," akaniambia, akainama tena. Vumbi la kucha likanipanda puani, ile harufu ya pembe iliyoungua kidogo, nikajikuta nimeuvuta mkono kwa nguvu. Maskini, akadhani ameniumiza. Nilimwambia aendelee tu. Ningemweleza vipi kwamba alikuwa amenirudisha Mwala, nyuma ya jiko la mama, mahali ambapo punda wetu alikuwa amesimama kwa miguu mitatu?

Punda huyo aliitwa Kijivu. Jina halikumsumbua mtu akili: alikuwa wa rangi ya kijivu, basi. Baba alikuwa kibarua kiwandani kule Athi River na tulimwona mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumba yetu ilibebwa na wawili, mama na Kijivu. Mto wetu hauna maji ya kuonekana. Maji yako chini ya mchanga. Unachimba shimo, unangoja yajikusanye, unateka kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mitungi ikijaa, Kijivu aliivuta kwa mkokoteni hadi sokoni, kwenye hoteli za chai na kwenye nyumba za walimu. Sare yangu ya shule, mafuta ya taa, sukari, vyote vilitoka kwenye mgongo ule. "Huyu ndiye mume wangu wa wiki nzima," mama alipenda kusema. "Yule mwingine ni wa wikendi." Baba alicheka akisikia, ingawa si sana.

Sasa, mchanga wa mtoni ni laini. Mawe huzisugua kwato za punda zikabaki fupi, lakini mchanga hauzifanyi kitu. Hukua tu kama kucha za mtu mvivu, na zisipokatwa, punda huanza kutembelea visigino, kisha mguu wote ukaharibika. Kwa hivyo kila mwenye punda kwetu alihitaji fundi wa kwato, na fundi aliyejulikana pande zile zote alikuwa Mjomba Kyalo, kaka mkubwa wa mama.

Nilimpenda Mjomba kuliko watu wengi. Mimi, Mueni, nilipewa jina la nyanya, mama yao, na kwa desturi yetu Wakamba hilo lilinifanya kuwa mama yake pia. Mtu mzima mwenye ndevu aliniita *mwaitu*, mama yangu, na kuniamkia kwa heshima zote, nami nikiwa sina meno ya mbele. Alifika kwa baiskeli, gunia la vifaa limefungwa nyuma: kisu kilichopinda ncha, koleo, na tupa ndefu. Hakumfunga Kijivu kamba. Alimwegemea tu begani, akampulizia puani, akaanza kuvumisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na punda akamwinulia mguu mwenyewe kama mtu anayejaribishwa viatu. Vipande vya kwato vilidondoka na mbwa wetu akaviokota kwa furaha akaenda kuvitafuna kivulini. Mwisho ilikuja tupa, kwaru-kwaru-kwaru, bila kukatika, ikifuata mwendo wa wimbo. Kazi ikiisha Kijivu aliondoka akitembea kama bibi harusi.

Kisha Mjomba akaanza kutokuja.

Mwanzoni hatukushangaa. Nani asiye na shughuli? Alituma neno kwamba angekuja kesho, mapema kabla ya jua. Mama akapika uji, akamzuia Kijivu asiende mtoni, tukangoja. Uji ukapoa, ukashika ngozi juu, jua likapanda, na Mjomba hakuonekana. Safari ile kulikuwa na matanga. Safari iliyofuata mbuzi wake alikuwa anazaa. Halafu baiskeli ilipata pancha, halafu pancha ikazibwa lakini baiskeli ikawa haina breki, halafu tukasikia ameiuza kabisa. Wueh! Mimi nilikuwa naamini baiskeli ile ina malaria. Na kila siku tuliyomngoja ilikuwa siku ambayo mitungi haikujaa.

Mama mwenyewe alikuwa akienda kwa Mjomba na kurudi na ahadi mpya. Baba alipokuja mwisho wa mwezi alimtazama Kijivu, akatazama kwato zilizoanza kujikunja juu kama ncha za kandambili kuukuu, akatikisa kichwa. "Ahadi za shemeji yangu ni kama mvua ya huku," akasema. "Mawingu ni mengi." Akataka kumwita kijana mmoja wa upande wa Masii aliyekuwa anakata kwato siku hizo, anakuja kwa bodaboda na kumaliza haraka.

Mama aliweka sufuria chini. "Hakuna mtu mwingine atagusa miguu ya huyu punda."

"Mama Mueni, punda anaumia."

"Naona. Niko na macho."

"Basi?"

"Basi ni ndugu yangu. Nikiita fundi mwingine, mimi dada yake, kesho nani atamwita yeye?"

Kijana wa Masii hakuitwa. Kwetu kaka wa mama si mtu wa kuchezewa. Wazee husema *kiumo* cha mjomba, laana yake, hakina dawa, na hata sisi tuliosali kila Jumapili hatukutaka kujua kama ni kweli. Mimi nilidhani mama anaogopa laana hiyo. Nikamwonea huruma, kisha nikamkasirikia, maana ni mimi niliyetembea nyuma ya mkokoteni nikimwona Kijivu akiweka mguu chini taratibu, kama anauliza ardhi ruhusa.

Mvua za vuli zilipokuja tope liliingia kwenye nyufa za ukwato wa mguu wa mbele. Mama alimwosha kwa maji ya moto yenye chumvi. Alipunguza mitungi kwenye mkokoteni, mingine akaibeba mwenyewe mgongoni, kamba ya kubebea imemkata kipaji cha uso. Jioni alikuwa akiinama kuwasha moto na mkono mmoja uko kiunoni. Kijivu alikonda, na mama alikonda, wote wawili pamoja.

Siku moja Mjomba akaja kweli. Alikuja kwa miguu, polepole, na ilikuwa saa ya mchana mkali, yeye ambaye zamani hakufanya kazi jua likipita mabegani. Mama alitoka mbio kumpokea njiani, akamshika mkono, wakaja wakitembea bega kwa bega. Akamketisha, akampa chai, na hakukiweka kikombe mezani. Alimtia kikombe mkononi, akavifumba vidole vya Mjomba juu yake. Nikajiambia: mtu anatuchelewesha miezi yote hii, na bado anapokelewa kama askofu!

Akaenda kwa Kijivu. Alimpulizia puani kama zamani, akavumisha wimbo, na Kijivu, ambaye hakutaka tena kuguswa mguu na mtu yeyote, akaunyanyua. Mjomba akaupapasa. Akaupapasa tena, kwa kidole gumba, kuzunguka ukingo wote, kama mwanamke anayepima kitambaa sokoni asichojua kama ni pamba. Wimbo ukakatika. Akashika kisu, akakata, na Kijivu akaruka kwa uchungu uliomtoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa punda. Damu ilidondoka kwenye vumbi. Mjomba alisimama pale, kisu mkononi, ameelekeza uso kwenye ukuta wa jiko.

"Kisu hiki si kizuri," akasema. "Naenda kukinoa. Nitarudi kesho."

Akaondoka, gunia lake akaliacha. Mama hakumfuata, alikuwa amepiga magoti anamfunga Kijivu jeraha na leso yake. Mimi ndiye niliyenyakua gunia nikakimbia. Nilimpita nikasimama mbele yake njiani, nimelikumbatia lile gunia, jua likimwaka usoni.

"Mjomba, umesahau vitu vyako."

Akasimama. Akainua kichwa kidogo. "Wewe ni nani?" akauliza.

Jamani! Mtu aliyekuwa akiniita mama yake! Nilidhani amenikasirikia kwa sababu ya makelele ya punda. Nikanong'ona jina langu, naye akacheka kwa haraka. "Aa, *mwaitu*, nilikuwa nakutania. Rudisha gunia kwa mama yako. Nitalihitaji kesho." Akaenda zake, na mguu wake ukawa unaonja njia kabla ya kukanyaga. Kesho hiyo haikufika mpaka leo.

Siku chache baadaye nikaamshwa alfajiri na tupa. Kwaru, kwaru, kimya. Nilidhani Mjomba amerudi, nikatoka mbio, nikazunguka nyuma ya jiko. Alikuwa mama. Alikuwa ameubana mguu wa Kijivu kati ya magoti, anasugua ukwato na tupa isiyomjua, jasho linamtoka na machozi pia. Alijificha pale ili jirani asimwone na kusema Kyalo ameshindwa. "Mshike masikio," akaniambia. "Mwambie maneno mazuri." Nikamshika, nikamwambia maneno yote mazuri niliyoyajua, mengine nikayatoa kwenye Baba Yetu. Kijivu aliegemeza kichwa kifuani mwangu na uzito wake wote. Lakini usaha ulikuwa umeshaingia ndani, mahali ambapo tupa haifiki.

Mwishowe mama alimwita daktari wa mifugo. Alipofika, Kijivu alikuwa amelala chini na hakuinuka tena. Akamchoma sindano asiteseke zaidi. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama hakulia mbele ya watu. Alimfunika miguu kwa gunia, yote minne, akalikunja vizuri kingoni, na majirani walipoanza kuja kutupa pole na kuuliza, aliwajibu akiwa amesimama wima: "Aliumwa na nyoka. Kule mtoni."

Nyoka! Mama yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyenichapa siku moja kwa kudanganya kuhusu kipande cha mkate! Nilimkodolea macho. Alinitazama, na jicho lile lilisema funga mdomo. Baba alipokuja alisimuliwa nyoka huyo huyo. Hata Mjomba, alipoletwa na mkewe kutoa pole, mama alimwambia mbele ya watu wote, "Kaka, nyoka amenimalizia punda," na Mjomba akainamisha kichwa akasema, "Pole sana, dada." Tangu siku hiyo mama alibeba maji mgongoni miaka mingi, na mgongo huo haujanyooka hadi leo. Nilimwekea kinyongo, nisiwafiche. Nilikuwa nasema moyoni: angekubali tu yule kijana wa bodaboda, Kijivu angekuwa hai.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, niliposikia watu wakisema kwa kawaida tu kwamba Kyalo ni kipofu. Hakuna aliyeniambia kama habari. Kila mtu alidhani najua. Nikaketi kitandani. Pancha, breki, baiskeli iliyouzwa. Kikombe kilichotiwa mkononi. Mama akimshika mkono njiani. Kumbe mama alijua tangu ule uji wa kwanza ulioshika ngozi! Ugonjwa wa macho ulikuwa umemshika Mjomba polepole, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine duniani, hakuweza kusema neno lile, na mama hakuweza kulisema kabla yake. Alikuwa na viumbe wawili anaowapenda, na aliweza kuokoa mmoja tu. Alichagua. Kisha akaulipia uchaguzi huo kwa mgongo wake mwenyewe, na asimwambie mtu.

Siku chache baada ya saluni nilikwenda nyumbani. Mjomba siku hizi anaishi na mama. Mkewe alishatangulia mbele za haki. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake mlangoni, mama yuko ndani anachambua ndengu na kuongea peke yake. Nikamwamkia. Akaushika mkono wangu, na kidole gumba chake kikazunguka ukingo wa kucha, moja baada ya nyingine, kikitafuta.

"Aliyezipiga tupa kucha hizi hajaiva," akasema.

"Bado anajifunza, Mjomba."

Akatabasamu. Hakuuachilia mkono. Akageuza sikio kwanza upande wa jikoni, kisha akashusha sauti. "*Mwaitu*, sisi wazee tunaambiana mambo ya kutulizana. Lakini wewe ulikuwa mtoto, na mtoto huona. Yule nyoka alikuwepo?"

Ndani, ndengu ziliacha kuanguka kwenye ungo. Niliikumbuka ile leso yenye damu, na kile kichwa kizito kifuani mwangu.

"Alikuwepo, Mjomba," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa mkubwa sana."

Kidole gumba chake kilitulia juu ya ukucha wangu. Kisha akaupigapiga mkono wangu taratibu, kama alivyokuwa akimpigapiga Kijivu kazi ikiisha.

"Asante," akasema. "Kweli wewe ni mtoto wa dada yangu."