Kabla Maharage Hayajachemka

Maharage yakikaribia kuchemka, hutoa harufu ya udongo uliolowa kabla hayajatoa harufu ya chakula. Harufu hiyo ikinijia huku ndege ndogo ikiunguruma juu ya Kasulu, mwiko husimama mkononi mwangu. Mnaweza kunicheka, lakini mimi umbali nilijifunza kwa chungu.

Mama alipomfuata baba kaburini tulibaki watatu: mimi wa darasa la sita, Neema, na Yoeli, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameng'oka. Siku ya kuondoa matanga, Baba Mdogo Elia alisema Yoeli angekwenda kulelewa na shangazi yetu, Kibondo. Yoeli aling'ang'ania kitenge changu. Baba Mdogo akachuchumaa, akamwonyesha upande wa uwanja wa ndege, ule ambao mbuzi hufukuzwa kwanza ndipo ndege itue.

"Kibondo ni hapo tu, mwanangu. Ndege ikiruka hapa, inatua kule kabla maharage ya dada yako hayajachemka."

Yoeli akaniachia, akachukuliwa usiku akiwa amelala. Aliamini, nami niliamini. Kila ndege iliporuka kuelekea Kibondo niliinjika chungu, na mvuke ulipoinua kifuniko nilimwambia Neema kwamba sasa Yoeli anaiona. Tulijifariji hivyo mpaka mahindi yakakomaa.

Kumbe Yoeli naye alikuwa na hesabu zake. Asubuhi moja aliona ndege ikiondoka Kibondo kuja kwetu, akatia kiazi mfukoni, akaifuata kwa miguu. Alitaka kuyawahi maharage. Jua likishuka, wanawake waliokuwa wakitoka shambani Murungu walimkuta ameketi kando ya njia, miguu imevimba, akawauliza kwa adabu kama Kasulu imehamishwa.

Shangazi alipopiga simu, nilipanda lori la mihogo kwenda kumchukua. Barabara ilikuwa vumbi, mashimo na milima isiyokwisha, na kila tulipovuka mlima mmoja nilijiuliza alidhani ataona nini nyuma yake. Wakati wa kurudi alilala mapajani mwangu, mdomo wazi, nami nikaamua kwamba hatutagawanywa tena. Shule niliiacha, nikashika jembe.

Nyumbani nilijiandaa kugombana na Baba Mdogo. Yeye alichemsha maji, akamwosha Yoeli miguu kwa mikono yake, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akasema bila kunitazama, "Basi, kaa nao wewe. Mbegu nitaleta."

Alileta, kila msimu. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilimwona mtu aliyemdanganya yatima.

Tulipomzika yeye ndipo shangazi alipotusimulia. Kaka yake huyo, Elia, alipokuwa na umri kama wa Yoeli, walikimbia kutoka Burundi kwa miguu. Kila alipoketi chini akikataa kuendelea, mama yao alimwonyesha kilima kilichofuata, akamwambia ni hapo tu. Kilima kwa kilima, neno hilo ndilo lililomfikisha huku.

Siku hizi namwelewa. Alimpa Yoeli neno lililomwokoa yeye mwenyewe. Alisahau tu kwamba alipokuwa akiambiwa hivyo, alikuwa ameshikwa mkono.