Masikio ya Beberu Wangu

Juzi, kwa veterineri wa Sange, mama mmoja aliingia amekumbatia mwanambuzi mgonjwa mwenye masikio marefu. Jirani yake, ambaye peke yake mtaani ana beberu wa mbegu bora, akaruka kutoka kwenye benchi.

“Weye! Si nilikukatalia beberu yangu?” Akayanyoosha yale masikio kwa vidole. “Haya iko masikio ya kwangu!”

“Mama, miye sikumuita. Beberu yako aliruka uzio yeye mwenyewe.”

“Nilimutoa kule Kamanyola kwa miguu, ili kila muntu akuwe na ya vile?” Machozi yakamlenga.

Mwanambuzi akakohoa. Yule mwenye beberu akamgeukia veterineri: “Unaangalia nini? Mupe dawa, asikufe!”

Wasomaji, wivu unaweza kumnyima jirani beberu. Kumnyima mjukuu dawa, hauwezi.