Mjomba Maghanga na Ukuta wa Ghala la Katani

Bado moyo wangu haujakubali. Leo mchana nimefunga viazi vya Mjomba Maghanga kwenye kitambaa, nimefika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika Jumamosi.

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nataka kuwa fundi wa umeme. Shule nimemaliza, na mama ameshaniombea nafasi ya kujifunza ualimu. Ni kazi nzuri, lakini mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakwisha. Mbele ya waya haijawahi kwisha.

Ninyi mnaosoma karatasi yetu ya vijana, wa Voi na wa huko juu Chawia na Mwanda, wengi mlimjua kanisani. Ndiye yule wa sauti nzito aliyechelewa kuanza ubeti na kuchelewa kuumaliza. Alikuwa binamu wa mama, na alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha mkonge hapa Voi.

Mimi nilikuwa mpeleka chakula. Nilipaswa kuacha kitambaa getini na kurudi nyumbani. Sikuwa nikirudi.

Mwaka jana kiwanda kilijenga ghala jipya la katani, ubavuni mwa chumba cha injini. Mnajua katani kavu ikipata cheche inavyokuwa. Kwa hiyo katikati ukajengwa ukuta mnene wa kuzuia moto, na Mjomba akapewa oda ya kuweka masanduku ya chuma ya swichi pande zote mbili.

Nilidhani ni kutoboa tundu na kutia sanduku. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kila tundu kwenye ukuta kama ule ni mlango, na moto haupigi hodi. Tundu lisizidi sanduku. Masanduku ya pande mbili yasipeane mgongo, yaachane mbali. Na ufa wowote pembeni uzibwe kwa simiti.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Ghala likiwa bado tupu, yeye alisimama upande wa injini na kiko chake, akapuliza moshi wa tumbaku kuzunguka sanduku. Mimi nilikaa upande wa pili, pua ukutani. Nikisikia harufu, nimwite.

Tatizo ni kwamba kuita siwezi. Alisema sauti yangu ni ya panya aliyekatazwa kusema. Basi tukakubaliana nipige chafya, maana tumbaku ile ya Chawia ilinifanya nipige chafya nitake nisitake.

Siku moja nilipiga chafya mpaka macho yakatoka machozi. Sanduku lile lilikuwa limeshazibwa na mwashi wetu, Kililo, vizuri kabisa, plasta laini kama sahani. Mjomba akaikwangua kwa bisibisi. Ndani kukatoka katani, ikavutika na kuvutika, kama ndevu za babu.

Kililo hakuona kosa. Alisema nyumba ya mama yake huko Mwanda imezibwa kwa nyasi na udongo na bado imesimama. Tena hapa katani inazagaa kila mahali, na simiti imefungiwa stoo.

"Ndugu yangu," Mjomba akamwambia, "tunamzuia mwizi, na wewe umemwekea ngazi."

Kililo alicheka kuliko sisi wote. Kisha akaenda mwenyewe kwa nyapara kuomba simiti, akarudia masanduku yote, hata yale ambayo hayakunifanya nipige chafya.

Kulikuwa na kona moja nyuma ya nguzo ambapo mkono wa Mjomba haukuingia. Alijaribu, akanuna, akautazama mkono wake, akautazama wangu. Sanduku lile niliweka mimi. Nilikaza skrubu, nikaziba pembeni kwa simiti, nikalainisha kwa kidole. Alilikagua kwa taa muda mrefu, kisha akahamia kazi nyingine bila neno. Waliofanya kazi naye wanajua hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote aliyompa mtu.

Mwezi uliopita matambara yenye oili yalishika moto chumba cha injini. Watu walikimbia na ndoo za mchanga, na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Moto ulipozimwa, wote walijaa upande ulioungua kutazama. Nilipofika na chakula sikumwona Mjomba kati yao.

Alikuwa upande wa pili, peke yake kati ya marobota ya katani makavu, ameweka kiganja ukutani nyuma ya nguzo.

"Wakesho, njoo uguse sanduku lako."

Lilikuwa na uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Tulisimama pale tukiligusa kwa zamu kama wajinga wawili. Kisha akala viazi vyake, akalalamika kwamba havina chumvi.

Kifua kilimbana wiki mbili baadaye, nyumbani kwake, akiwa anamsimulia mkewe kichekesho. Mkewe anasema hakukimaliza, na mpaka sasa anatuuliza kama kuna anayejua mwisho wake.

Jumatatu fundi mpya anafika kutoka Mombasa. Nimesikia atahitaji msaidizi. Hanijui, na hajui kwamba wasichana wanaweza. Nitakwenda kumwomba. Nimeyafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya kuku, na jana nimeyasema yote mpaka mwisho, kwa sauti, jogoo akaondoka. Akinikataa, nitamwomba aje nyuma ya nguzo aguse ukuta.

Pumzika vyema, Mjomba. Usingizi wako uwe mwema. Ubeti wa mwisho uanze wakati wowote unaotaka, huko hakuna wa kukukimbiza.

Nanyi wenzangu, mkimaliza kusoma karatasi hii msiiache mezani. Mpeni kijana mwingine mkononi. Na tafadhali, mkikutana na mama sokoni, msimwambie neno mpaka Jumatatu jioni, nikirudi na jibu langu mwenyewe.