Mkanda wa Zuhura

Darubini niliinunua sokoni Mbinga, siku zile biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikaanza kumwagwa hata kwetu. Muuzaji aliyekuwa ameilaza juu ya makoti aliniambia ni ya kufunga kwenye bunduki ya kuwindia. Sikubishana naye. Niliiteremsha hadi ziwani, kwenye kijiji nilikofundisha shule ya msingi, karibu na Liuli, na jioni ileile mke wangu akawa wa kwanza kuchungulia.

"Mwalimu," aliniita hivyo hata nyumbani, "mbona nyota hii imemegwa?"

Ilikuwa Zuhura, juu ya maji upande wa Malawi, jua likiwa limezama sasa hivi. Kwa macho matupu ni nukta inayowaka. Ndani ya darubini ni kipande chembamba, kama mwezi mchanga. Nikatamani kuipiga picha. Kamera nilikuwa nayo, ya kuwapigia watu picha ndogo za vitambulisho.

Kujifunza kulitutesa. Nilifunga kamera nyuma ya darubini kwa mpira wa baiskeli, lakini kila nilipobonyeza, kamera ilishtuka na darubini nzima ikatikisika. Mkanda wa kwanza niliupeleka Songea kusafishwa. Fundi alinirudishia bila picha hata moja.

"Mwalimu, humu hamna kitu."

Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Kitu kilikuwemo: vijistari vilivyopindapinda kama uzi uliokatika.

Dawa aliipata mke wangu. Alikuwa mhudumu wa zahanati, mikono yake mitulivu. Alishika jalada gumu la daftari mbele ya darubini bila kuigusa. Mimi nafungua kamera, tunangoja mtikisiko utulie, kisha nasema "Funua," naye anaondoa jalada. "Funika." Tulifanya hivyo jioni kadhaa, mawingu yalipotupa nafasi. Jioni moja, kabla giza halijaingia, alitoka ndani amevaa kitenge kipya, akasimama mbele yangu.

"Nipige na mimi moja."

"Mkanda huu ni wa Zuhura," nikamjibu. "Zikibaki nitakupiga."

Alicheka, akaenda kuchukua jalada.

Wiki iliyofuata akashikwa na homa. Malaria ilimpanda kichwani. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kupanda Mbinga, na gari tulilolipata lilinasa kwenye tope hata mlima hatujauanza. Alikatia roho humo garini, kichwa chake mapajani mwangu, nami nikiwa bado namwambia tumekaribia.

Tulimzika kulekule kijijini, ziwani. Wazazi wake, wakulima wa kahawa huko milimani, hawakuweza kushuka. Baada ya mazishi niliutoa mkanda kwenye kamera ukiwa na nafasi saba ambazo hazijatumika.

Songea safari hii walinisafishia picha moja iliyotoka safi. Zuhura nyembamba, kingo zake kali, nyuma yake weusi mtupu. Nilikaa nayo kwenye benchi la stendi nikashindwa hata kupanda gari.

Mvua zilipokatika, mama mkwe alikuja peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sikumwona mwanangu akizikwa. Nipe picha yake ya mwisho."

Nilikuwa na ile ya harusi tu, naye alikuwa nayo kwake. Nikamletea ya Zuhura. Aliigeuza, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Nyota, mama. Tuliipiga pamoja."

"Na yeye yuko wapi?"

"Hayumo."

"Hakutaka kupigwa?"

Ningeweza kudanganya. "Aliniomba," nikasema. "Nilimwambia asubiri."

Aliomba jembe, nikampeleka kaburini. Alipalilia siku mbili, akapanga mawe ya ufukweni kuzunguka udongo, chakula akila kidogo na maneno akiniambia machache. Asubuhi ya tatu alifunga mzigo wake, akanipa mkono. Nilipomwonyesha ile picha alitikisa kichwa.

"Baki nayo wewe, baba," akasema, akapanda gari.