Mistari ya Vidole vya Bi Mwatum

Bi Mwatum wa Micheweni hakumlilia bintiye. Watu waliliona hilo matangani wakalinyamazia. Ruweida alishikwa na homa, akapelekwa hospitali Wete, akarudishwa kwa maziko, na mama yake akaketi mkekani akiitikia pole za watu kama anayeitikia salamu za njiani. Matanga yalipoanuliwa, alichukua nyundo akarudi maweni kugonga kokoto.

Zamani alilima mwani. Mwani ulipoanza kuoza kwa joto la maji, akahamia kwenye mawe, kama wanawake wengi wa kule. Unakaa chini juani, jiwe unalizungushia kipande cha tairi lisiruke, unaligonga mpaka liwe kokoto za kujengea. Mkono mmoja una nyundo, wa pili umeshika jiwe. Vidole vyake vilifanya sugu, kisha sugu zenyewe zikalika, ngozi ikabaki laini na yenye kung'aa. Ncha zake zilikuwa na ganzi. Aliweza kuipua chungu jikoni bila ya kitambaa.

Laini ya simu aliyokuwa akitumia ilikuwa na jina la Ruweida. Mwanawe wa kiume, Haroub, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alimpigia siku moja.

"Mama, laini hiyo itafungwa, mwenyewe keshafariki. Nenda Wete ukasajili yako. Ikifungwa nitakupata wapi?"

"Haya," alisema.

Usajili ulikuwa ukifanywa na Ashraf, bwana mmoja wa Wingwi aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, kisha akarudi na kukodi pembe ya baraza katika duka la nguo la Noorali, mjini Wete. Alimpokea Bi Mwatum kwa shikamoo, akamwekea kiti, akaandika namba ya kitambulisho chake.

"Weka kidole cha shahada hapa, Bi Mwatum."

Akaweka. Mashine ya alama za vidole ikakataa. Wakajaribu gumba, kisha vidole vya mkono wa pili. Ashraf alikipangusa kioo, akampa kitambaa naye ajipanguse. Ikakataa tena.

"Inasema mie si mie?"

"Inasema haikuoni." Ashraf aliigeuza kompyuta ili naye atazame. "Ulipopigwa picha ya kitambulisho, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Mwani."

"Basi waliyonayo kule ni vidole vya mwani. Na hawaweki picha nzima, Bi, ni nzito mno kwa watu wote wa nchi. Kuna hesabu yake, inaitwa wevuleti, yaani vijiwimbi. Inaigawa picha: umbo kubwa inaliweka upande huu, vitu vyembamba upande ule. Halafu lile umbo kubwa inaligawa tena, na tena. Mistari yenye nguvu inabaki. Vijidoa na vumbi, vile dhaifu, inavifuta. Hapo picha inakuwa nyepesi na safi."

"Na yangu ya leo?"

Ashraf alimwonyesha picha kwenye kompyuta. "Ya leo mistari yako ni dhaifu sawa na vumbi. Mashine ikisafisha picha, inaondoka navyo vyote."

Bi Mwatum aliitazama ile picha kiooni. Ilikuwa ya kijivu, bila ya kitu.

"Ndivyo," alisema.

Ashraf alimwambia aache mawe kwa muda, apake mafuta ya nazi asubuhi na jioni, arudi. Ngozi huota upya, alisema. Basi akakaa nyumbani. Jirani yake, Asya, alikuja na mafuta, akampaka mwenyewe, kidole kimoja kimoja, na kumsimulia habari za mjini. Bi Mwatum alisikiliza. Asya alipolitaja jina la marehemu aliitikia kwa kichwa tu, na Asya hakuendelea.

Alipokwenda tena Wete, gumba lilikataa, na cha shahada pia. Ashraf akaitazama mikono yake.

"Unapogonga jiwe, kuna kidole hukitumii?"

Alifikiri, akaukunja mkono wa kushoto kama aliyeshika jiwe. Kidole cha mwisho kilibaki kimenyooka pembeni.

"Hiki nakiepusha. Nshawahi kukigonga."

Akakiweka. Kompyuta ilitafuta kidogo, halafu pakatokea jina lake lote na picha yake ya zamani, akiwa amenenepa, kavaa mtandio wa kijani. Mtandio ulikuwa wa Ruweida. Siku ile ya kitambulisho Ruweida ndiye aliyemfunga, akamwambia asicheke, naye akacheka.

"Ni wewe, Bi," alisema Ashraf.

"Ndiye."

Aliitazama kwa muda. Alingoja kitu kimpande kifuani, hakikupanda. Ashraf alimpa laini, akamtilia katika simu, akampigia kuhakikisha inaita, akampelekea Haroub namba mpya. Noorali alitokeza mlangoni akampa pole ya msiba, naye akamjibu kwa adabu, akaenda zake kutafuta gari.

Haroub alipiga jioni ile ile. Aliuliza afya, aliuliza mvua, aliuliza kama kaburi limeshajengewa. Hakuwahi kuja maziko, tajiri wake alimnyima ruhusa, na sasa alilia kama mtoto.

Bi Mwatum aliibana simu sikioni.

"Lia, mwanangu," alimwambia mwishowe. "Lia na sehemu yangu. Mie bado."

"Bado nini, mama?"

"Bado tu."

Alimsubiri mpaka akanyamaza. Wakaagana. Akaichomeka simu kwenye chaji, akapepeta mchele wa daku, maana alikuwa na siku za kulipa za Ramadhani, na asubuhi yake alikwenda maweni kama kawaida. Gari la mjenzi lilikuwa limeshafika, linasubiri kokoto.